Msimbo Wangu Uko Wapi?

Sina ugomvi na mtu anayetoa kitu chake bure. Namwombea heri, Mungu amwongezee alipotoa. Ugomvi wangu ni na yule anayekipokea kwa mikono miwili, anakitia kufuli, ananiuzia kwa bei ya kuniliza, halafu anaandika kwa maandishi madogo kwamba sina ruhusa ya kukifungua. Huyo ndiye ninayeishi naye sebuleni, ndiye ninayetembea naye mfukoni, na ndiye aliyeiuzia SACCOS yetu mfumo.

Tuanze na televisheni. Yangu ni ya kisasa, ile wanayoiita televisheni janja. Kampuni siitaji, maana wao wana wanasheria na mimi nina safu tu. Kioo chake ni kizima. Sauti yake majirani wanaijua. Tatizo ni kwamba siku hizi ukifungua programu ya kuangalia mpira, yanatokea maandishi kwamba programu hiyo haikubali tena kwenye kifaa hiki, tafadhali sasisha. Unakwenda kusasisha, televisheni inakujibu kwamba tayari ina toleo jipya kabisa. Yaani mmoja anasema umechakaa, mwenzake anasema hujawahi kuwa kijana kama leo, na wote wawili wanakaa ndani ya boksi moja. Mama Neema, mke wangu, aliniuliza nani hapo ni muongo. Nikamwambia ngoja nichunguze.

Uchunguzi ulinifikisha chini kabisa ya menyu. Unapita Mipangilio, unapita Kuhusu Kifaa, unapita namba ya utambulisho ndefu kuliko ya NIDA, halafu unakuta mstari mmoja wenye aibu unaosema leseni za programu huria. Nikaubonyeza. Kuna watu wanasoma magazeti, kuna wanaosoma riwaya. Mimi jioni ile nilisoma televisheni. Maandishi meupe juu ya weusi, Kiingereza cha mahakamani, na rimoti inashusha mstari mmoja kwa kila kubonyeza. Kidole gumba kilikufa ganzi kabla sijamaliza herufi B.

Humo ndani, jamani, kuna watu. Kuna Jean-loup Gailly na Mark Adler walioandika zlib, kipande kinachobana data ili ichukue nafasi ndogo. Kuna kundi la wataalamu wa JPEG, ambalo bila kazi yake picha za harusi ya mpwa wangu zisingefunguka. Kuna Daniel Stenberg wa Sweden na curl yake inayoleta vitu kutoka mtandaoni. Kuna BusyBox, kikapu cha zana ndogondogo za mfumo. Na kwa kurasa na kurasa kuna Linux, kiini chenyewe kinachoendesha kifaa chote, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Mbele ya kioo kuna jina moja tu, limeandikwa kwa herufi za fedha. Waliofanya kazi wamefichwa chini ya menyu.

Wakati huo Mama Neema alikuwa amekaa na rimoti ya king'amuzi mkononi. "Baba Neema, huyo Linux atamaliza saa ngapi? Taarifa ya habari inaanza."

Nikamwambia asubiri, nimefika penye utamu. Utamu wenyewe ni leseni ya Linux, inayoitwa GNU General Public License, toleo la 2, la Juni 1991. Kipengele chake cha 3 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba anayesambaza programu ikiwa imeshageuzwa lugha ya mashine lazima aambatanishe na msimbo chanzo, yaani yale maandishi yenyewe aliyoyaandika mtaalamu. Asipoambatanisha, atoe ahadi ya maandishi itakayodumu si chini ya miaka 3, kwamba atampa msimbo huo mtu yeyote atakayeuomba, kwa gharama isiyozidi ile ya kuufikisha. Mtu yeyote! Hata jirani yangu anayekuja kuangalia mpira kwangu kila wikiendi bila kuleta hata karanga, naye ana haki hiyo.

Utaniuliza, mzee, huo msimbo utaupika na nini? Swali zuri. Mimi binafsi siwezi kuandika programu hata ya kuwasha taa. Lakini sijui pia kuchomelea geti, na bado nina geti, kwa sababu kuna mafundi. Mtaani kwetu yupo fundi wa televisheni ambaye taa za nyuma zikifa, anaifungua, anakilaza kioo juu ya godoro, anabadilisha taa moja moja, na jioni unaangalia tamthilia. Pembeni ya meza yake kuna lundo la bodi za televisheni zilizokufa, anachuna vipuri humo bila kuuliza mtu. Nikampelekea yangu. Akachomeka flashi, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akasubiri. Kioo kikaandika kwamba faili halijathibitishwa. Akarudia. Kikaandika vilevile.

"Mzee, hii wameifunga," akasema, na nilimwona amekereka kuliko mimi. "Chuma naweza. Waya naweza. Hili la saini siliwezi."

Saini anayoisema si ya kalamu. Kifaa kinapowaka, kabla ya kufanya lolote, kinakagua kama programu iliyomo ina saini ya kidijitali ya kiwanda. Isipokuwa nayo, kinagoma. Ujanja huu ulipata umaarufu Marekani kupitia kifaa cha kurekodi vipindi vya televisheni kinachoitwa TiVo. Ndani yake kulikuwa na Linux, na msimbo walikuwa wanautoa kama leseni inavyotaka, ila ukiubadilisha na kuurudisha, kifaa kinakukataa. Unapewa maandishi, unanyimwa mlango. Richard Stallman na wenzake wa Free Software Foundation, wenye leseni ile ya GNU, walichukia, na mwaka 2007 wakatoa toleo la 3 la leseni likiziba tundu hilo kwa vifaa vya majumbani. Torvalds akakataa kuhamisha Linux. Yeye alitaka watu warudishe maboresho ya msimbo, na kifaa akaona ni cha aliyekitengeneza. Namheshimu, Linux ni mtoto wake. Lakini aje akae na fundi wangu nusu saa, halafu tuongee.

Basi nikaenda dukani. Nilivaa shati la mikono mirefu na risiti nikaitia ndani ya bahasha ya kaki, maana Kariakoo mtu asiye na bahasha hasikilizwi.

"Shikamoo mzee, karibu. Inchi ngapi?"

"Marahaba. Televisheni ninayo, niliinunua hapahapa. Nimekuja kuchukua msimbo."

"Msimbo wa king'amuzi?"

"Wa televisheni."

Kijana akainama chini ya kaunta, akaibuka na rimoti. "Hii inakubali zote. Elfu nane, kwa sababu ni wewe."

Nikamweleza taratibu kwamba rimoti ninayo, ninachotaka ni yale maandishi ya ndani yanayoifanya televisheni iwe televisheni. Uso wake ukang'aa. "Ahaa, mzee, pasiwedi! Jaribu sifuri nne."

Hapo nikapandisha sauti kidogo. Nikasema mlipouza kifaa hiki mlisambaza programu yenye leseni, na leseni hiyo inanipa haki. Sijui maneno mengine yaliishia wapi, lakini neno leseni lilifika hadi nyuma ya pazia. Bosi akatoka anatembea haraka, ananyoosha shati. Hakuniuliza jina. Alinyoosha mkono moja kwa moja ukutani: leseni ya biashara ile pale, cheti cha mlipa kodi kile pale, stika ya zimamoto ya mwaka huu hii hapa. "Mzee wangu, karibu ukae. Sisi kila kitu kiko sawa. Dogo, mletee mzee soda ya baridi."

Nikaletewa kiti, na soda ikafunguliwa mbele yangu. Nilipomwambia kwamba siulizii leseni ya duka, naulizia leseni ya Linux, aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini hiyo nayo inalipiwa wapi, na kama kuna faini ya kuchelewa.

Soda niliimaliza; kuitema ingekuwa utovu wa adabu. Bosi akaniandikia anwani ya barua pepe ya kampuni nyuma ya kadi yake. Nikawaandikia kwa Kiingereza cha heshima, nikataja kipengele cha 3, nikataja miaka 3, nikawatakia na afya njema. Wakanijibu upesi kuliko nilivyotarajia: asante kwa kuwasiliana nasi, tafadhali zima televisheni, chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, kisha washa tena.

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba mimi si mwehu wa kwanza. Oktoba 2021 shirika la Marekani linaloitwa Software Freedom Conservancy liliipeleka mahakamani kampuni ya televisheni ya Vizio, likishitaki kama mnunuzi tu wa kawaida: tumelipia seti, ndani yake kuna programu hizi, tupeni msimbo. Wenzetu wanaenda mahakamani. Sisi tunapewa soda.

Na wakati mwingine wadai wanashinda, na wakishinda tunafaidi wote. Mwaka 2003 watu waliichunguza ruta moja ya nyumbani, Linksys WRT54G, wakakuta ndani yake kuna Linux na msimbo haujatolewa. Wakapiga kelele hadi ukatolewa. Kutokana na msimbo huo, mwaka uliofuata ukazaliwa mradi wa OpenWrt, na ile ruta ya bei ya kawaida ikaanza kufanya kazi za mitambo ya bei ya maofisi makubwa. Leo OpenWrt inawekwa kwenye ruta za makampuni mengi mno, zikiwemo zile ambazo viwanda vilishazitangaza marehemu. Mwaka huohuo wa 2004, mahakama ya Munich ilimpa ushindi Mjerumani Harald Welte dhidi ya kampuni iliyotumia msimbo wake bila kufuata leseni. Na Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys, ilishitakiwa na Free Software Foundation mwishoni mwa 2008, wakamalizana mwaka uliofuata. Kwa hiyo leseni hizi zina meno. Ila meno hayo yanahitaji nauli, wakili na subira.

Simu nayo? Simu sitaki hata kuizungumzia, lakini nitaizungumzia. Karibu kila simu janja unayoiona Kariakoo isiyo na alama ya tofaa ni Android, na Android tangu simu yake ya kwanza mwaka 2008 inakaa juu ya kiini cha Linux. Hata vile vitochi vyenye intaneti vinavyotumia KaiOS vinatokana na Firefox OS, mradi wa wazi wa Mozilla. Hivyo bibi kijijini anayempigia mjukuu wake kwa video anatembea na kazi ya maelfu ya watu walioitoa wazi. Safi kabisa. Lakini yangu ilikuja na mchezo wa kupanga pipi usiofutika, duka la pili la programu lisilofutika, na kitu fulani kinachonionyesha matangazo ya mikopo hata kabla sijaweka namba ya siri. Nikiuliza nitakiondoaje, naambiwa ni sehemu ya mfumo. Mfumo gani? Torvalds hakuandika pipi!

Kinachoniuma zaidi ni hali ya hao watoaji. Mchukue huyo Stenberg. Miaka ya tisini alitaka kaprogramu kadogo ka kumletea viwango vya kubadilisha fedha kutoka mtandaoni. Mwaka 1998 kakapewa jina la curl, na leo kamo kwenye simu, televisheni, magari na mashine zisizohesabika. Jina na anwani yake vimo kwenye leseni, kwa hiyo madereva ambao redio au ramani za magari yao zimegoma wanaperuzi menyu mpaka chini, wanakuta anwani ya binadamu, wanamwandikia yeye. Gari limeuzwa na mwingine, pesa amekula mwingine, lawama zinatua Sweden. Ananitia huruma, ingawa nakiri nimeshaiandika anwani yake pembeni.

Au OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya siri kwenye sehemu kubwa ya intaneti, benki zikiwemo. Aprili 2014 ilipogundulika kasoro iliyoitwa Heartbleed, dunia nzima ilishituka, ikauliza kazi hiyo inafanywa na nani. Ikakuta ni kikundi kidogo kilichokuwa kikipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mkutano wetu mkuu wa SACCOS unatumia zaidi ya hapo kwa chakula cha mchana. Baada ya aibu hiyo ndipo makampuni makubwa yakaitwa kuchangia.

Hatukujifunza sana. Machi 2024 ikawa zamu ya xz, programu nyingine ya kubana mafaili. Aliyekuwa akiitunza alikuwa amechoka, akapata msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, na baada ya miaka miwili hivi ya kujenga uaminifu huyo msaidizi akatia mlango wa siri. Kilichoiokoa dunia ni uchunguzi wa Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mfumo wa SACCOS yetu unachelewa mpaka unaweza kwenda kununua vocha na kurudi, na hakuna aliyewahi kushuku chochote.

Nitarudi kwa SACCOS. Kwanza nimalize hasira zangu za stesheneri.

Pale kona kuna stesheneri ambayo mwenye nayo amebandika karatasi mlangoni: kutoa kopi, laminesheni, kupiga window. Kupiga window, yaani kuwekewa Windows, ni elfu kumi na tano, na kuwekewa programu za kuandikia ni elfu tano juu yake. Zote za wizi. Kijana anachomeka flashi yake iliyozunguka vyuo vyote vya mkoa, anazima kwanza kinga ya virusi "ili isitusumbue", anaendesha kifunguo cha bandia, na kompyuta inaamka ikiwa na programu ya kuandikia barua pamoja na wageni wasiojulikana. Baada ya wiki kila folda imegeuka njia ya mkato isiyofunguka, mteja anarudi, anapigwa window upya, elfu kumi na tano nyingine. Biashara hiyo haifi njaa.

Nilimuuliza kwa nini hampi mteja LibreOffice, ambayo ni halali, haitaki kifunguo, inafungua na kuandika mafaili ya kila ofisi. Akanijibu kwamba wateja hawaiamini kwa sababu ni ya bure. Ile ya wizi wanaiamini! Na tusisingizie lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wamarekani hawakutuzuia, Wachina hawakutuzuia. Tuliipokea kwa makofi ukumbini, tukarudi stesheneri kupigwa window.

Kuna programu huria moja tu niliyoiona inaheshimika pale: VLC, ile ya koni ya rangi ya machungwa. Ukienda kibanda chochote cha kurekodi muvi, koni ipo. Faili liwe limekatika, liwe limetafsiriwa na DJ kwa kelele juu ya sauti ya asili, koni inalicheza. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2001, na koni yenyewe ilitokana na tabia ya wanafunzi hao ya kukusanya koni za barabarani. Haina matangazo hata moja. Kijana wa stesheneri alidhani inatengenezwa na kampuni ya barabara.

Sasa SACCOS.

Tulipotaka kuachana na madaftari, alikuja bwana mmoja amevaa suti ya bluu, na projekta yake mwenyewe. Akatuonyesha mfumo. Mikopo hii hapa, hisa hizi hapa, riba inajikokotoa yenyewe. Akasema umejengwa na vijana wetu wazalendo kuanzia tofali la kwanza. Tukapiga makofi. Mhasibu akafuta jicho. Bei ilikuwa ya kushtua, lakini kilichoingia kwenye mkataba bila kelele ni ada ya leseni ya kila mwaka.

Mwaka wa pili akaja kwetu binti wa chuo kufanya mafunzo kwa vitendo. Akakaa kwenye kompyuta ya mhasibu, akachungulia huku na huku, halafu akauliza kwa adabu: "Shikamooni. Samahani, hii si Fineract?" Tukamuuliza Fineract ndiyo nini. Ni mfumo huria wa huduma ndogo za fedha, uliotokana na mradi wa Mifos ulioanzishwa na Grameen Foundation, na sasa uko chini ya Apache Software Foundation. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuutumia. Vijana wetu wazalendo walikuwa wamebadilisha nembo na rangi. Tofali la kwanza lilishajengwa na wengine, pamoja na la mwisho.

Nitende haki: kuuza si kosa. Leseni ya Apache inaruhusu uchukue, ubadilishe, uuze, na hata msimbo hailazimishi uutoe. Kufunga mfumo, kuingiza taarifa za wanachama, kumfundisha mhasibu wetu ambaye mpaka leo anabonyeza kipanya kwa hofu, hiyo ni kazi na inastahili ujira. Lakini leseni hiyohiyo inamtaka anayesambaza ampe mpokeaji nakala ya leseni na asifute majina ya wenye kazi. Alifuta. Halafu akatutoza ada ya kila mwaka kwa ruhusa ambayo tungeweza kuipata bure. Ni kama mtu aingie harusini, apakue sinia la pilau, atoke nalo getini awauzie waalikwa, na akatae kusema mpishi ni nani.

Tulipochelewesha ada, mfumo ukazimwa. Si kwamba uliharibika, ulizimwa. Wanachama wanakuja kuchukua akiba zao, mhasibu anawaambia mfumo uko chini. Tukamwomba bwana wa suti atupe basi angalau taarifa zetu, majina na salio. Akasema hizo ziko kwenye seva, na seva iko kwenye mkataba.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa kwa adabu, nenda zahanati. Takwimu za afya hapa Tanzania, na Kenya pia, zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, iliyotokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini miaka ya tisini. Hakuna aliyeificha asili yake, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kwa mikono yao. Mkandarasi mmoja akikasirika, nchi haizimiki. Kama wizara imeweza kwa zahanati za vijijini, chama chenye ofisi moja na feni moja kinashindwa nini?

Bwana wa suti siku hizi ana gari jipya. Nasikia anazunguka kwenye vyama vingine na projekta yake, mikoani hasa. Kwa hiyo, msomaji, kama chama chenu kina mkataba wa mfumo unaosubiri saini, msisaini kwanza. Mwambieni ataje jina la asili la programu hiyo, mtafute kijana mmoja wa chuo aithibitishe, na muandike ndani ya mkataba kwamba taarifa za wanachama ni mali ya chama na mtapewa nakala yake kila mwezi, ada iwe imelipwa au haijalipwa. Akikataa kipengele hicho, mwacheni aondoke na projekta yake.